Spika mbili za vinia ya mtiki: moja imepauka, nyingine imevimba kona

Swali: Shikamoo fundi. Baba ametuachia spika mbili za Wharfedale za miaka ya 1970, boksi zake ni za mbao. Moja ilikaa dirishani miaka mingi, imekuwa nyeupe-nyeupe. Juu yake kuna alama ya kitambaa cha kufuma na duara jeusi la chungu cha maua. Nyingine ilikuwa stoo. Rangi yake bado nzuri, ila kona ya chini imevimba kwa maji ya kudekia, vinia (ule utando mwembamba wa mbao uliobandikwa juu) imenyanyuka, na kipande cha upana wa vidole viwili kimepotea. Seremala wa hapa Mafinga anataka kuzipiga zote vanishi ya mahogani iliyokoza ili zifanane. Nimruhusu?

Jibu: Marahaba, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Usimruhusu. Spika hizo zinaweza kufanana bila kuzikwa chini ya mahogani, na kazi yenyewe anaweza kuifanya seremala huyo huyo akikubali kwenda taratibu.

Vanishi yenye rangi haifuniki mbao kama rangi ya ukuta inavyofunika plasta. Mwanga unapita ndani yake, kwa hiyo kila kilicho chini kinaonekana, tena kwa ukali zaidi. Spika iliyopauka imekauka na vitundu vya mbao yake viko wazi. Itainywa vanishi kwa pupa pale jua lilipopiga, na kuiacha juujuu pale kitambaa kilipokinga, halafu ule mchoro wa kufuma utajitokeza upya. Duara la chungu litabaki duara. Kona iliyojazwa puti itakuwa doa moja lisilo na nyuzi. Na mtiki ukishapewa wekundu wa mahogani, kuutoa ni kuisaga vinia, na vinia hiyo haina unene wa kusagwa: kwa kawaida ni kama milimita 0.6, nyembamba kuliko kadi ya benki.

Kwa hiyo lengo liwe hili: spika ya stoo ndiyo kipimo. Ile isiguswe ila kusafishwa na kuzibwa kona. Iliyopauka ndiyo itakayopandishwa hadi imfikie mwenzake.

Kwanza hakikisha ni vinia ya kweli. Spika za nyumbani za Uingereza za miaka hiyo, Wharfedale zikiwemo, nyingi ni chipbodi iliyovalishwa vinia ya mtiki au ya walnati, lakini nyingine zilivalishwa plastiki yenye picha ya mbao. Tazama ukingo wa nyuma, pale ubavu unapokutana na mgongo. Vinia itaonyesha mstari mwembamba wa mbao juu ya chembe za chipbodi, na ukipitisha ukucha kukatiza nyuzi utasikia vitundu. Plastiki ni laini kote, mchoro wake unajirudia, na ikinyanyuka inajikunja kama ngozi ya nyoka. Ikiwa ni plastiki, weka tina (kiyeyusho cha rangi) na pasi mbali kabisa, kwa sababu vitaiharibu kwa dakika moja. Hapo utakayoweza kufuata ni maelezo ya kona tu. Lakini kwa kuwa yako imepauka na kuacha alama ya kitambaa, na kwa kuwa chungu kimeacha duara jeusi, kila dalili inaonyesha ni mbao halisi.

Halafu jua ilimaliziwa na nini. Fanya majaribio chini ya boksi, mahali pasipoonekana. Tone la maji likinyonywa ndani ya dakika chache na mbao ikakoza, hapo pana mafuta tu, hakuna ngozi juu. Likisimama, chovya kijiti chenye pamba kwenye spiriti usugue: pakinata na kutoa rangi ya chai, ni shelaki, vanishi ya utomvu inayoyeyuka kwa spiriti. Spiriti isipofanya kitu, rudia kwa tina: pakilainika, ni klia ya seluloza, vanishi isiyo na rangi inayoyeyuka kwa tina. Fuata mpangilio huo huo, spiriti kwanza, maana tina inalainisha zote mbili na haitakutofautishia. Andika jibu ulilopata, kwa sababu njia ya kutia rangi huko mbele inategemea hapo.

Kabla ya msasa wowote, toa wufa (spika kubwa ya besi) na twita (ndogo ya sauti nyembamba). Baadhi ya boksi zinafunguliwa mbele baada ya kuvua kitambaa, nyingine kwa kufungua skrubu za mgongo. Piga picha ya waya, uweke alama kwenye waya unaokwenda kwenye terminali yenye nukta nyekundu au alama ya kujumlisha. Ukigeuza waya za spika moja, zitapiga lakini besi itapungua sana katikati ya chumba, na utadhani umeharibu boksi. Vilivyotolewa vilale chali kwenye katoni safi, vifunikwe. Stiliwaya ya jikoni isiwe hata chumba kimoja navyo. Vumbi lake la chuma linavutwa na sumaku na kuingia kwenye mwanya wa koili (waya uliosokotwa nyuma ya spika), na kulitoa humo ni shida kubwa. Kwa mtiki pia stiliwaya haifai: mabaki yake yakikutana na unyevu yanaacha vidoti vyeusi. Tumia dodoki la nailoni. Ile pamba iliyomo ndani ya boksi iache humo humo, au uitoe ukiwa na glavu kama ni ya nyuzi za kioo, na irudi yote. Ziba matundu kwa katoni na tepu.

Sasa kona, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika kwa haraka. Chipbodi ni chembe za mbao zilizogandishwa. Maji yakiingia, chembe zinavimba na gundi inaachia, na hata ikikauka haishuki tena kurudi ilivyokuwa. Iache spika ikauke ndani ya nyumba wiki mbili. Usiiweke karibu na jiko la mkaa wala juani. Vinia itakauka kabla ya chipbodi na itapasuka. Kisha ingiza kisu chembamba cha mezani chini ya vinia iliyonyanyuka, uifungue kiasi cha kuona ndani, na ubonyeze chipbodi kwa ukucha.

Ikiwa bado ngumu na uvimbe ni wa milimita mbili au pungufu, inaweza kubanwa. Toboa matundu ya milimita 2 kwenye ukingo wa chini, kila baada ya sentimita moja, kina cha milimita 20 hivi. Chukua araldaiti, gundi ya mirija miwili, ile inayochukua masaa mengi kuganda, simamisha mirija yake kwenye maji ya moto dakika tano ili iwe nyepesi, changanya nusu kwa nusu, na uisukume kwa bomba la sindano. Subiri dakika kumi, matundu yakiwa yameinywa, ongeza. Weka nailoni pande zote mbili, kisha vibao, kisha klampu, na ukaze kidogo kidogo hadi unene ulingane na sehemu isiyoharibika. Acha siku nzima. Kwenye baridi ya Juni na Julai, acha mbili. Araldaiti ya dakika tano haifai hapa kwa sababu inaganda kabla haijaingia. Gundi nyeupe ya mbao nayo haifai kwa hatua hii: nusu yake ni maji, na maji ndiyo yaliyoleta balaa.

Ikiwa inavunjika kama kaukau, kata. Msumeno upite penye chipbodi nzima, mstari ulionyooka, na mahali pake ubandike kipande cha mbao kavu. Hapa paini ya Sao Hill, msitu wa kupandwa wa huko Mafinga, inafaa sana, maana ni nyepesi, imenyooka na haitaonekana. Pengo dogo linaweza kujazwa kwa fila ya bodi za magari: gramu 100 za fila kwa gramu 2 za hadina (dawa yake ya kugandisha), au 3 asubuhi yenye baridi. Ukizidisha hadina ili ikauke upesi, fila inakuwa ya kumeguka. Kwa vyovyote, uso wa kiraka cha chini ubaki chini kidogo ya vinia, ule unene wa vinia wenyewe, ili kiraka cha juu kikikaa kiwe sawa na jirani yake. Fila isiachwe wazi ikitarajiwa kupakwa rangi ifanane na mbao. Fila haina nyuzi, na jicho litaiona kila siku.

Vinia iliyonyanyuka lakini bado ipo, ibandike kwa gundi nyeupe. Futa vumbi, sukuma gundi kwa sindano, minya itoke ziada, futa, weka nailoni na kibao, kaza. Kama imetuna katikati bila mlango, ipasue kwa wembe kufuata nyuzi, usikatize, kisha ingiza gundi hapo. Wengine hutegemea pasi peke yake wakiamini gundi ya zamani itayeyuka. Gundi ya viwandani ya spika nyingi za miaka hiyo haiyeyuki kwa joto, kwa hiyo pasi bila gundi mpya inakausha tu vinia.

Kipande kilichopotea kinahitaji mbao ya kufanana, na uamuzi huu una uzito kuliko kopo lolote la rangi. Paini haifai, haina vitundu kabisa. Mninga ni mzuri lakini wekundu wake utakupigania hadi mwisho. Mtiki wenyewe unapatikana, unalimwa Kilombero, kwa hiyo kwenye karakana za Iringa au Mbeya uliza mabaki yake. Ukikosa, chukua mvule. Vitundu vyake vinakaribiana na vya mtiki, na rangi yake inaanzia njano na kukolea kuwa kahawia ya dhahabu kadiri inavyopigwa na mwanga. Kwa sababu hiyo kiraka cha mvule mbichi kikifananishwa leo, baada ya mwaka kitakuwa kimekoza kuliko vinia inayokizunguka. Dawa yake ni kukipa jua kwanza: kipande kilale nje wiki moja kabla ya kukibandika, kikigeuzwa. Jua la nyanda za juu, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, linaifanya kazi hiyo vizuri.

Mwambie seremala apasue kipande cha milimita 2, akibandike kwenye ubao ulionyooka kwa tepu ya kunata pande mbili, na akipige randa kali hadi kama milimita 1. Chagua sehemu ambayo nyuzi zake zinafanana na za pale pengo lilipo: mistari iliyonyooka kwa iliyonyooka, ya mawimbi kwa ya mawimbi. Kiraka kisiwe mraba. Mkato unaokatiza nyuzi kwa pembe mraba unaonekana hata ukiwa mwembamba kama unywele. Mkato unaokimbia sambamba na nyuzi, au unaoingia kwa mshazari kama ncha ya mkuki, unapotea. Kwa kona yako, pande mbili za kiraka zitakuwa kingo za boksi zenyewe, na upande wa ndani uwe mshazari mrefu.

Kilaze kiraka juu ya vinia ya zamani, kikizidi kingo kwa milimita 3, kishike kwa tepu ya karatasi, na ukate vyote viwili kwa pamoja kwa wembe mpya. Usikandamize ili upite mara moja. Pita mara kumi, mara kumi na tano, kila mara kwa mkono mwepesi, wembe ukiwa wima. Ukiondoa vipande vya chini, kiraka kitakaa bila mwanya. Mtiki na mvule vina mafuta ya asili, kwa hiyo futa mgongo wa kiraka kwa spiriti na ubandike ndani ya robo saa. Gundi nyeupe iwe nyembamba, klampu ikae masaa matatu, na usiguse hadi kesho yake. Halijoto nayo iangalie: chini ya nyuzi 10 hivi gundi hii inageuka unga mweupe kama chaki na haishiki. Asubuhi za Mafinga, Njombe au Makete katikati ya mwaka zinafika huko kirahisi. Bandika saa sita mchana, na mbao yenyewe iwe imeshinda mahali pa joto, si gundi tu.

Kusawazisha kiraka usianze na msasa, kwa sababu utakula vinia ya zamani kabla kiraka hakijashuka. Kwangua kwa wembe uliosimamishwa wima, ukivuta kutoka kwenye kiraka kuelekea nje, hadi kidole kisisikie ngazi.

Tukirudi kwenye spika iliyopauka: habari njema ni kwamba jua linapausha juujuu tu. Kama ina klia, iondoe kwa kitambaa chenye tina, sehemu ndogo ndogo, ukibadilisha kitambaa. Tina unayomwaga bila kufuta inarudisha uchafu ndani ya vitundu. Baada ya hapo msasa namba 180 uliozungushiwa kibao, kwa mkono, kufuata nyuzi. Pita mara nane, futa vumbi, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti, tazama. Mara nyingi ngozi nyeupe itaondoka na mchoro wa kitambaa nao, na kahawia itaanza kurudi. Ikitosha, malizia na namba 240. Mashine ya msasa isiguse boksi hili, na kwenye kingo punguza mkono, kwani ndiko vinia inakotoboka kwanza. Ukiona mstari wa rangi nyingine ukijitokeza ukingoni, simama papo hapo: hiyo ni chipbodi.

Duara jeusi halitoki kwa msasa bila kutoboa. Weusi huo ni chuma kilichomo kwenye maji au kwenye sahani ya chungu, kilichokutana na tanini, asidi ya asili iliyomo kwenye mbao. Kinachokitoa ni asidi ya oksaliki, inayouzwa kwenye maduka ya kemikali. Yeyusha gramu 50 kwenye nusu lita ya maji ya moto, ndani ya chombo cha plastiki, ukiwa na glavu na barakoa. Ni sumu, na vumbi lake linakera vibaya pua na macho. Paka uso wote wa juu, siyo duara peke yake, la sivyo utapata duara jeupe badala ya jeusi. Kitambaa kiwe na unyevu tu, kisitiririke, kwa sababu chini kuna chipbodi. Subiri dakika 20 hadi 30, rudia ikibidi. Futa kwa maji safi mara tatu, kisha mara moja kwa maji ya lita moja yenye kijiko cha baking soda, kisha maji safi tena, na uache siku mbili. Dawa ya klorini ya kufulia haiondoi doa hili. Inapausha mbao na kuacha chuma mahali pake. Kama mahali pengine kuna alama nyeupe za vikombe, hizo ni unyevu ndani ya klia, na zitakwenda na klia.

Sasa rangi. Jambo la kwanza ni kwamba mbao kavu iliyopigwa msasa haikuambii kitu. Pangusa spika zote mbili na kiraka kwa tapentaini, na uzitazame zikiwa zimelowa: hivyo ndivyo zitakavyokuwa chini ya mafuta au klia. Zitazame nje, kivulini, saa nne asubuhi au saa tisa alasiri. Taa ya ndani inaficha wekundu au inauongeza, na kazi iliyofananishwa usiku huwa inaleta huzuni asubuhi. Halafu zunguka, tazama kutoka upande wa pili. Nyuzi zinarudisha mwanga tofauti kila upande, na kiraka kinachofanana ukiwa kushoto kinaweza kuwa cheusi ukiwa kulia. Hapo chagua wastani wa pande zote mbili, na uipe uzito zaidi ile pembe ambayo watu watakaa sebuleni.

Makopo ya steni (rangi ya kunywesha mbao) yenye jina la tiki mara nyingi yanaelekea rangi ya chungwa. Yanasahihishwa kwa kuongeza kinyume chake. Ikizidi uchungwa, tia buluu. Ikizidi wekundu, tia kijani. Ikizidi njano, tia zambarau. Kiasi ni kile kinachoshikwa na ncha ya njiti ya kiberiti, kwa mililita 50 za steni, kisha koroga na ujaribu. Rangi ya walnati, ile kahawia isiyo na wekundu, ndiyo itakayokusaidia zaidi kuituliza tiki. Majani ya chai yaliyochemshwa yanatia kahawia nyepesi kweli, lakini chai inapauka na jua, nawe umeanza na spika iliyopauka.

Usijaribie kwenye spika. Chukua ubao wa mvule uliobaki, upigwe msasa ule ule 180 na 240, maana mbao iliyolainishwa zaidi kwa msasa inanywa rangi kidogo na yenye mikwaruzo inanywa nyingi. Ugawe kwa tepu mistari mitano. Anza na sehemu moja ya steni kwa kumi za tina yake. Mstari wa kwanza paka mara moja, wa pili mara mbili, wa tatu mara tatu. Miwili iliyobaki jaribia mchanganyiko mwingine. Juu ya yote paka umaliziaji utakaotumia, uache ukauke, ndipo uulinganishe ubao na spika ya stoo. Chagua mstari ulio mwepesi kidogo kuliko kipimo chako. Kuongeza kunawezekana wakati wowote. Kupunguza ni msasa tena.

Ikiwa spika zako ni za mafuta, rangi yote iingie kwenye mbao kabla ya mafuta: steni nyepesi, futa, kausha, tazama ikiwa imelowa, rudia. Ikiwa ni za klia, una uhuru zaidi. Tia rangi ya msingi kwenye mbao, ziba kwa koti moja jembamba la sandingi sila (klia ya kuziba vitundu), kisha rangi ya kumalizia ichanganywe ndani ya klia: mililita 3 za steni kwa mililita 100 za klia iliyokwisha kukatwa kwa tina. Makoti mawili au matatu membamba yanasogeza rangi polepole, na ukisimama kati ya koti na koti unaona unakoelekea.

Kiraka kikishafikia rangi bado kitaonekana, kwa sababu mistari ya vinia ya zamani inakatika pale mpakani. Hapo tumia brashi ndogo ya wachoraji, yenye nywele chache, na kahawia nzito iliyochanganywa na klia au shelaki kidogo. Tafuta kwenye vinia ya zamani mstari mweusi unaoishia kwenye mshono. Uendeleze ndani ya kiraka kwa vistari vifupi vilivyokatika-katika, vya milimita 3 hadi 8, kimoja kizito, kingine hafifu. Vitundu vya mtiki haviko kama uzi uliofungwa, viko kama mikwaruzo mifupi iliyofuatana. Mistari sita au saba ya namna hiyo ikivuka mshono, jicho linaufuata mstari na kuusahau mshono. Usichore kila mahali. Ukizidisha kitafanana na kazi ya penseli.

Umaliziaji wa mafuta: mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) yaliyochemshwa, nusu kwa nusu na tapentaini kwa koti la kwanza. Paka, subiri dakika 15 hadi 20, futa yote yaliyobaki juu hadi kitambaa kitoke kikavu. Makoti matatu, siku moja kati yake, au mbili wakati wa baridi. Linsidi mbichi inachukua wiki kadhaa kukauka. Mafuta ya alizeti, ambayo yapo kila nyumba huku, hayakauki sawasawa; yanabaki ya kunata na kushika vumbi. Vitambaa vilivyotumika na linsidi vilowekwe kwenye maji au vianikwe nje kimoja kimoja. Vikirundikwa vinajipasha moto vyenyewe hadi kuwaka, na karakana zimeungua hivyo.

Umaliziaji wa klia: koti la sandingi sila, msasa namba 320, kisha makoti mawili au matatu ya klia iliyokatwa nusu kwa nusu na tina. Ukipuliza kwenye ukungu wa asubuhi au mvua ikiwa inakaribia, unyevu unanaswa ndani na uso unageuka weupe kama maziwa. Subiri mchana mkavu. Weupe uliokwisha kutokea mara nyingi unaondoka kwa kupuliza tina peke yake, koti jepesi. Klia ikijitenga na kufanya vitobo kama macho ya samaki, juu ya boksi kulikuwa na polishi ya kupuliza yenye silikoni; futa kwa tina mara kadhaa kabla ya kurudia. Jambo moja la kumsisitizia seremala: asing'arishe. Makochi ya siku hizi yanapigwa hadi yanakuwa kioo, lakini spika hizi zilitoka kiwandani zikiwa na mng'ao wa chini. Tena mng'ao ukitofautiana, rangi zilizofanana kabisa zitaonekana mbili. Aagize klia ya mati (isiyong'aa), au baada ya wiki moja apitishe dodoki laini la nailoni lenye nta, kufuata nyuzi, spika zote mbili kwa mkono ule ule.

Kitambaa cha mbele kifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kikiwa kwenye fremu yake kama kinashikilia vizuri. Ukilazimika kukibadilisha, kiweke mdomoni upulize: pumzi ipite bila kizuizi, la sivyo twita itafifia. Mzunguko wa wufa, yaani ukingo laini unaoshikilia koni yake inayotetemeka, utazame: wa mpira au wa nguo mara nyingi bado mzima na usipakwe chochote, wa foamu ukigusa ukimeguka unabadilishwa wote, pande zote mbili.

Wakati wa kufunga, rudisha ile gasketi (utepe wa kuziba mwanya kati ya spika na boksi), au weka utepe wa foamu wa milimita 3. Boksi likiwa la kufungwa kabisa, lisilo na tundu, sukuma koni taratibu kwa vidole: ikirudi polepole, hakuna hewa inayovuja. Hakikisha waya kwa betri ya volti 1.5, chanya kwenye terminali yenye alama: koni za spika zote mbili zielekee upande mmoja, kwa kawaida nje.

Kile kitambaa cha kufuma kisirudi juu kabla ya wiki nne, kwa sababu klia na mafuta huendelea kukomaa ndani hata vikiwa vikavu mkononi, na nyuzi zitaacha alama mpya. Na kwa kuwa dirisha bado liko pale pale, badilishaneni nafasi za spika hizo kila baada ya miezi mitatu, ya kushoto iende kulia.